Likasi na Viwanja Vyake vya Starehe: Historia ya Burudani Iliyokuwa Sehemu ya Mshahara

Mji wa Likasi, ulioko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi katika jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo, ulizaliwa juu ya mawe ya shaba, na sehemu kubwa ya kilichojengwa ndani yake katika karne ya ishirini, kuanzia nyumba na hospitali hadi kiwanja cha mpira na bwawa la kuogelea, ilijengwa kwa fedha na kwa hesabu ya kampuni moja ya madini. Kwa sababu hiyo, kufungwa kwa mahali pa starehe pa Likasi hakuwezi kusimuliwa kama kunavyosimuliwa kwingineko, ambako bustani ya michezo huwa na mwenyewe anayejulikana, lango moja na siku moja ambapo lango hilo linafungwa ili mjenzi aje na ramani yake mpya. Likasi palikuwa na viwanja vya mpira, kumbi za sinema, klabu, mabwawa na nyumba za akina mama, vyote vikiwa vimefungamana na ajira, navyo vilipotea kidogo kidogo kadiri ajira yenyewe ilivyopotea. Kupotea huko hakukuzusha mgogoro mkubwa, na chanzo cha ukimya huo ndicho kinachofuatiliwa hapa: burudani ya mji huu iliandikwa tangu mwanzo katika hesabu ya mshahara, si katika daftari la mali ya wananchi.

Kampuni hiyo ni Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mjini Brussels tarehe 28 Oktoba 1906 kwa mtaji wa Kibelgiji na wa Kiingereza, ikapewa haki ya kuchimba madini kusini mwa Katanga, katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wakiyeyusha shaba na kuitengeneza misalaba midogo ya kubadilishana bidhaa muda mrefu kabla ya Mzungu wa kwanza kufika katika boma la Msiri, mfalme wa Wayeke, huko Bunkeya. Reli iliyotoka Rhodesia ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, kisha ikasukumwa kuelekea machimbo ya kaskazini. Mahali paitwapo Panda pakajengwa mtambo wa kutenganisha mawe yenye shaba na mawe matupu, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 pakainuka kiwanda cha Shituru, kinachotumia nguvu ya umeme kuitoa shaba safi katika maji ya tindikali. Mji uliokua katikati ya mitambo hiyo ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, kiongozi wa Société Générale, shirika la fedha lililokuwa nyuma ya kampuni, na jina hilo likadumu hadi mwaka 1966.

Katika miaka ya mwanzo kampuni haikujishughulisha na starehe ya mtu yeyote mweusi. Wafanyakazi waliletwa kwa mikataba ya miezi michache kutoka Luapula, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko, wakalala katika vibanda vilivyosongamana, wengi wakafa kwa magonjwa, na waliosalia wakarudi kwao. Hali hiyo ilikuwa na hasara kubwa kwa kampuni yenyewe, kwa kuwa mtu aliyekwisha kufundishwa kazi ya mtambo aliondoka na ujuzi wake. Kwa hiyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilishika siasa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja, kwa maana ya kuwapa mikataba ya miaka mitatu, kuwaruhusu waje na wake zao, na kuwajengea makambi yenye zahanati, shule na mgawo wa chakula ulioitwa posho. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa siasa hiyo, aliamini kwamba mtoto aliyezaliwa kambini, akanyonyeshwa chini ya macho ya muuguzi wa kampuni na kusomeshwa na wamisionari Wakatoliki, atakuwa mfanyakazi bora kuliko baba yake. Ndani ya fikra hiyo mchezo ulipata nafasi yake kama chombo cha malezi na cha ulinzi.

Hofu ya wakubwa wa kambi ilikuwa ni saa zile ambazo king'ora cha kiwanda kimekwisha kulia na usingizi haujaingia. Katika saa hizo watu walikunywa pombe, walikusanyika kusikiliza mahubiri ya Kitawala, dini iliyotokana na mafundisho ya Watch Tower na iliyotabiri mwisho wa utawala wa wazungu, au walicheza mbeni. Ngoma hiyo ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa inaiunganisha Katanga na pwani ya Waswahili: mbeni, au beni kama ilivyoitwa pwani, ilizaliwa Lamu na Mombasa, ambako vijana waliiga bendi za kijeshi za Wazungu, wakapeana vyeo vya mfalme, jenerali na daktari, wakashindana mtaa kwa mtaa kwa mavazi na kwa nyimbo, kisha baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikasafiri na askari na wapagazi hadi bara. Ilipofika katika miji ya shaba ilikuwa pia chama cha kusaidiana, chenye mchango wa kuzika maiti na kumtunza mgonjwa. Serikali ya kikoloni iliiona kama jeshi la siri. Dhidi ya pombe, Kitawala na mbeni, kampuni na wamisionari waliweka mpira wa miguu, skauti, bendi ya tarumbeta na mazoezi ya viungo, na Jumapili ya kambini ikapangwa kuanzia misa ya asubuhi hadi filimbi ya mwisho ya jioni.

Starehe hiyo ilifuata mpaka wa rangi. Mtaa wa Wazungu ulikuwa na klabu yake na viwanja vyake vya tenisi, ilhali Waafrika waliishi katika makambi ya kampuni au katika Kikula, mtaa uliosimamiwa na serikali kwa ajili ya wale wasiokuwa chini ya machifu wala chini ya kampuni. Mtoto wa fundi wa Shituru aliweza kujua kwamba mji wake una bwawa la kuogelea bila kuwahi kuyaona maji yake.

Desemba 1941 ilionyesha jinsi kiwanja cha mchezo kilivyoweza kubadilika maana kwa siku moja. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeongeza mahitaji ya shaba na bei za vitu, huku mshahara ukibaki palepale, na wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma katika vituo kadhaa, Jadotville ikiwa mojawapo. Tarehe 9 Desemba, huko Élisabethville, wagomaji walikusanyika katika kiwanja cha mpira cha kambi, wakadai nyongeza, na askari wakawafyatulia risasi. Waliouawa walihesabiwa kwa makumi, akiwemo Léonard Mpoyi, mmoja wa wasemaji wao. Kiwanja kilichotengenezwa ili watu wasikusanyike kwa siasa kilikuwa ndicho mahali pekee penye nafasi ya kuwakusanya wote. Tukio hili halikusahaulika katika miji ya shaba, hata wachoraji wa kienyeji wa miaka ya 1970 waliendelea kulichora.

Baada ya vita kampuni iliongeza matumizi yake ya kijamii, na miaka ya 1950 ndiyo ambayo wazee wengi wa Katanga huitaja kuwa miaka ya neema, ingawa ilikuwa pia miaka ya amri. Wake wa wafanyakazi walihimizwa kwenda foye, nyumba ya mafunzo ambamo wanawake wa Kibelgiji waliwafundisha kushona, kupika na kulea watoto kwa namna iliyopendeza kampuni. Sinema ilioneshwa usiku katika uwanja wa wazi, shuka jeupe likiwa limetandazwa mbele ya umati ulioketi chini, na kwa kuwa sheria ya kikoloni haikuruhusu Waafrika kutazama filamu ambazo hazijapitishwa na wakaguzi, zilichaguliwa picha fupi za kuchekesha na za mafunzo, zikifafanuliwa kwa sauti kubwa na mtu aliyesimama kando ya pazia. Maelezo hayo mara nyingi yalinoga kuliko filamu yenyewe, kwa kuwa msemaji alikuwa huru kuongeza utani ambao mkaguzi hakuuelewa.

Hata hivyo, sanaa kubwa zaidi ya Jadotville haikutoka katika ukumbi wowote wa kampuni. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika ya Kati na mitambo yake ya kurekodia, alimkuta mjini humo kijana wa kutoka Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, akipiga gitaa barabarani, akarekodi nyimbo zake, ukiwemo wimbo wa Masanga uliokuja kusikilizwa Afrika nzima na hata Ulaya. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, dole gumba likishika mapigo ya nyuzi nene na kidole cha shahada kikisokota juu yake sauti ya pili inayokwenda kwa hesabu tofauti, hivi kwamba msikilizaji asiyemwona hudhani wapigaji ni wawili. Wapigaji wa gitaa wa Kenya na wa Rhodesia walijifunza kwake. Mwanahistoria wa starehe za Likasi analazimika kukiri kwamba mji ulicheza vizuri zaidi pale ambapo hapakuwa na msimamizi.

Vurugu za kujitenga kwa Katanga, zilizoanza Julai 1960 na kumalizika Januari 1963, zilipita juu ya mji huu kwa risasi, na ulimwengu wa nje mpaka leo huijua Jadotville kwa sababu ya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa hapo Septemba 1961, jambo lililotengenezewa filamu mwaka 2016. Kwa wakazi wenyewe badiliko zito zaidi lilikuja tarehe 1 Januari 1967, wakati serikali ya Rais Mobutu ilipotaifisha mali ya Union Minière na kuunda shirika la umma ambalo kuanzia miaka ya 1970 limejulikana kama Gécamines. Shirika hilo lilirithi mashimo na mitambo, na pamoja navyo likarithi wajibu wote wa kijamii: shule, hospitali, ghala za unga, timu za michezo, kumbi na mabwawa. Mpaka wa rangi uliondoka, ukabaki mpaka wa cheo. Klabu zilizoitwa serkle, ambazo hapo awali zilikuwa za Wazungu, zilifunguliwa kwa wakuu wa kazi Waafrika na familia zao, wakati mfanyakazi wa ngazi ya chini aliendelea na kiwanja cha kambi yake na baa ya jirani. Chama tawala nacho kilizitumia sehemu hizo hizo kwa ngoma za kumsifu rais, zilizoitwa animasyo, ambazo watumishi na wanafunzi walilazimika kuhudhuria.

Pamoja na kasoro hizo, ni lazima isemwe waziwazi kwamba watu waliipenda hali hiyo, na kuipenda kwao hakukuwa upumbavu. Mji wenye timu kama Panda B52, wenye shule ambazo mtoto hupewa daftari, wenye hospitali ambayo mzee hatoi senti, ulikuwa na sababu ya kusema, kama ilivyosemwa katika Kiswahili cha Katanga, kwamba kazi njo baba, kazi njo mama. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa takriban tani 476,000 za shaba, kiasi ambacho hakikurudi tena katika historia yake. Fedha za kukata majani ya kiwanja na kununua jezi zilitoka katika tani hizo, na hapakuwa na mfuko mwingine. Manispaa haikuwa na bajeti ya michezo yenye uzito wowote, kwa sababu haikuhitajika kuwa nayo.

Anguko lilikuja kwa hatua nne, tatu za kwanza zikifuatana kwa haraka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, ulioko Kolwezi na uliobeba sehemu kubwa ya uzalishaji, uliporomoka. Mwaka uliofuata wanajeshi na raia walipora mali katika miji mingi ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Kisha, mwaka 1992 na 1993, wakati Kyungu wa Kumwanza alipokuwa gavana wa jimbo, watu wenye asili ya Kasai, eneo jirani, walifukuzwa Katanga kwa vitisho na kwa damu, na Likasi ilikuwa mojawapo ya miji iliyoumia zaidi: familia za watu makumi ya maelfu zilijikusanya katika stesheni ya reli na katika majengo ya shule, zikalala wiki na miezi juu ya magodoro na mabegi zikingoja treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na watoto wengi wakafa kabla ya safari. Waliofukuzwa walikuwa mafundi, waalimu, wapiga tarumbeta na wachezaji, wengine wakiwa kizazi cha tatu cha waliozaliwa mjini humo, na burudani ya Likasi haikuwahi kupata watu wa kujaza nafasi zao zote. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji wa Gécamines ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000.

Katika mji wa kampuni, bwawa la kuogelea ndilo hufa kwanza. Linahitaji pampu inayozunguka, umeme usiokatika, dawa ya kusafishia maji na mtu wa kulilinda, navyo vyote vilitoka katika karakana iliyokwisha kukosa hata vipuri vya mtambo. Ukumbi wa sinema hufuata, kwa kuwa filamu hukodishwa kwa fedha za kigeni, na mtu asiyelipwa mshahara hanunui tiketi. Kiwanja cha mpira hudumu zaidi ya vyote, maana hakidai chochote ila ardhi, na kwa sababu hiyo hiyo ndicho kilichoonwa baadaye kuwa ardhi tupu.

Hatua ya nne ilikuja kwa jina la upole. Kati ya mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines, ambao wengi wao walikuwa wamekaa miaka bila mishahara, waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa malipo ya mkupuo ambayo kwa wengi yalikuwa madogo kuliko madai yao, na malalamiko yao yameendelea kwa miaka mingi. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikwisha kuwaita watu wa shaba, katika kitabu chake cha mwaka 2001, watoto waliotelekezwa na baba yao, na mpango huo uliotekelezwa miaka michache baadaye uliipa kauli hiyo uthibitisho. Katika miaka hiyo hiyo nyumba za makambi zilianza kuhamia mikononi mwa waliokuwa wakikaa ndani yake, hatua iliyokuwa ya haki, kwa kuwa mtu aliyefanya kazi miaka thelathini alistahili angalau paa. Lakini nyumba ilipopata mwenyewe, kiwanja kilichokuwa kati ya nyumba hakikupata. Hapakuwa na hati iliyoandika kwamba uwanja huu ni wa watoto wa Panda au wa wakazi wa Shituru; ulikuwa wa kampuni, na kampuni ilikuwa na madeni.

Sheria mpya ya madini ya mwaka 2002 iliwavuta wawekezaji wa kigeni, bei ya shaba na kobalti ikapanda, na ardhi ya mijini ikapata thamani ambayo haikuwa nayo katika miaka ya njaa. Katika miji ya shaba kwa jumla, kumbi zilikodishwa kwa makanisa ya uamsho, bustani zikageuzwa baa au ghala za kununulia mawe ya wachimbaji wadogo, na nafasi za wazi zikakatwa vipande na kuuzwa na wale wenye mhuri. Haifai kuwalaumu wanunuzi wote, kwani kanisa na nyumba ni mahitaji ya kweli, na mara nyingi aliyenunua kipande cha uwanja alikuwa yule yule aliyeucheza utotoni. Kolwezi imekwenda mbali zaidi: katika mtaa wa Kasulo, baada ya madini ya kobalti kugunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, wakazi walichimba vyumbani na nyuani mwao, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikabomolewa ili izungushiwe ukuta wa mgodi.

Ng'ambo ya mpaka, katika ukanda wa shaba wa Zambia, mambo yalifuata njia inayofanana. Klabu na kumbi za ustawi ambazo shirika la umma la ZCCM liliziendesha ziliachwa au kuuzwa baada ya migodi kubinafsishwa kati ya mwaka 1997 na 2000, kwa kuwa wanunuzi walitaka mawe, hawakutaka mabwawa. Dar es Salaam nako, sinema ya wazi ya kutazamwa ndani ya magari iliyofunguliwa mwaka 1966, na kupendwa na familia za kila tabaka, ilitoweka, na mahali pake ukajengwa ubalozi mpya wa Marekani baada ya ule wa zamani kulipuliwa mwaka 1998.

Nairobi ilitoa mfano wa kinyume. Mwaka 1989 chama tawala cha Kenya kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambamo watu wa kawaida hupumzika na kupanda mashua Jumapili. Mwanamazingira Wangari Maathai alipinga kwa barua na kwa mahakama, akatukanwa bungeni, lakini wafadhili wa nje wakajitoa na jumba halikujengwa. Tofauti ya Nairobi na Likasi haikuwa katika ujasiri wa watu, maana wagomaji wa 1941 walikuwa na ujasiri wa kutosha. Tofauti ilikuwa kwamba Maathai aliweza kusema bustani ni ya umma na kila msikilizaji akamwelewa, ilhali mkazi wa Panda angesema uwanja ni wa nani? Alizoea kuupata kama alivyopata posho, na posho ikikatwa mtu hudai kazi yake irudi, hadai gunia.

Kwa hiyo madai ya watu wa Likasi yalielekezwa kwenye mishahara na malipo ya kustaafu, na viwanja vikaenda bila msemaji. Nchini Kongo, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inaifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na inakataza kugawiwa kwa ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma mpaka iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Kinga hiyo ina nguvu tu pale ambapo mahali pamekwisha kuandikwa kuwa pa umma. Bado kuna viwanja vinavyochezewa katika komuni nne za mji, yaani Likasi, Kikula, Panda na Shituru, na kila kimoja kinahitaji kupimwa, kuchorewa ramani na kuandikishwa kwa jina la komuni yake kabla mnunuzi hajafika na karatasi zake. Kazi hiyo haihitaji tani moja ya shaba. Inahitaji meya, mpima ardhi na wazazi watakaofuatilia faili hadi litiwe sahihi, na wakati wa kuifanya ni sasa.